Ionekane, Isibaki

Machi 3
Rafiki yangu Oloo aliniambia kwamba mtu mwenye seva yake mwenyewe lazima aandike kila anachogusa: tarehe, alichogusa, na kwa nini. Yeye hufanya hivyo kazini kwake, kwenye kampuni moja ya intaneti, na inaonekana hulipwa kwa hilo. Nimeanza leo. Nilichogusa: hakuna. Kwa nini: mvua.

Machi 5
Kazi imekuja, na imekuja kwa kupanda ngazi.

Saiba yangu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la Mzee Munir. Mimi huchapishia watu barua na kuwajazia ushuru mtandaoni, wale wanaoiogopa mashine kuliko serikali. Mzee Munir hupanda mwenyewe akitaka kitu. Leo aliyepanda ni mkewe, Mama Salme, amefunga Ramadhani na bado hakutua kupumua hata mara moja.

Binti yao Salme anaolewa mwezi ujao, baada ya Idi. Bibi yake, mama yake Mzee Munir, yuko Lamu na amevunjika nyonga. Hasafiri. Ndiye aliyemlea Salme mpaka akaanza shule, na sasa anasema kifo hakimtishi, kinachomtisha ni kufa kabla ya kumwona mjukuu wake akiingia amepambwa.

Nikamuuliza kwa nini wasimpigie simu ya video tu, kama watu wote. Mama Salme akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini wasifanyie harusi stendi ya basi. Kwao, siku ya wanawake ya harusi, simu zote huachwa kwenye kikapu mlangoni. Ndani wako vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza. Picha moja ikitoka, aibu yake haina mwisho. Hataki kampuni yoyote ya ng'ambo iwe na sura ya mwanawe. Hataki irekodiwe. Anataka mwanamke ashike kamera, itoke moja kwa moja hadi kwa Bibi na shangazi wachache, halafu iishe.

"Ionekane, isibaki," alisema. "Waweza?"

Nina mashine nyumbani, ile seva, mtaa wa Mountain View, chini ya ngazi, karibu na viazi. Nilisema naweza kabla hajafunga mdomo. Nikaongeza kwamba ni kazi ndogo.

Machi 9
Mvua. Kiatu cha kushoto kimekufa.

Machi 12
Nimenunua jina la tovuti. Fomu inataka seva za majina, yaani DNS, na inataka mbili.

Niandike hapa ili nikisahau nijisome. Jina la tovuti ni kama jina la mtu mtaani, halikufikishi popote mpaka upate wa kukuelekeza. Ukimtafuta Kiarie hapa kwetu, unauliza dukani, na mwenye duka anakwambia: geti jeusi, baada ya kinyozi. Seva ya DNS ndiyo huyo mwenye duka. Haoni ndani kwa Kiarie. Anajua geti tu.

Nilikuwa na njia tatu. Kuwaachia kazi hiyo waliouza jina. Kuwapa kampuni kubwa ya ng'ambo inayofanya bure na ina seva kila pembe ya dunia. Au kuifanya mwenyewe, kwa mashine yangu.

Oloo alipita jioni kutoka kazini. Anaishi mtaa wa Jamhuri, lakini hupitia kwangu kwa sababu chai yangu ina tangawizi na yake ina ratiba. Akasema niwaachie waliouza jina. Akasema kwamba seva ya majina haibebi picha ya mtu, kwa hivyo siri ya Mama Salme haipungui hata chembe. Akasema na ziwe mbili kweli, sehemu mbili tofauti. Huwa anasema mambo kwa namna ya mtu anayesoma maagizo nyuma ya dawa ya kupe.

Nikamwambia tayari ninazo mbili. Akaangalia. Nilikuwa nimeipa mashine ileile majina mawili, na fomu ikakubali bila kinyongo.

"Wanjugu, simu ya laini mbili ikianguka chooni, zinabaki laini ngapi?"

Nikamjibu kwamba mimi siendi na simu chooni. Akacheka, lakini kicheko cha mtu anayetia tarehe ili aje akukumbushe.

Kwa nini nimechagua njia ya tatu: kwa sababu naweza. Hiyo ndiyo sababu nzima, na nikiisoma hapa naona ni fupi.

Machi 20
Mama Salme alirudi kuuliza ni nani mwingine atakayekuwa katikati. Nikamwambia: kutoka jina la tovuti mpaka picha, kati yangu na Bibi hakuna mtu. Alifurahi mpaka akanishika mkono. Nilipenda nilivyosikika.

Machi 31
Idi. Nimealikwa Jamhuri, kwa Mzee Munir, nikala pilau mpaka nikaona haya mbele ya watoto. Kila anayeingia anaambiwa, huyu ndiye Wanjugu, huyu ndiye atakayetufikishia Salme kwa Bibi. Nikawa naitika kama mganga.

Ustadh Abdulfatah, mdogo wake Mzee Munir, anafundisha madrasa ya mjini. Ni mtu wa maswali. Akataka nimweleze hii mitambo, nikamweleza habari ya zile seva mbili, na kwamba sheria ya mtandao inataka mbili. Akapendezwa sana.

"Kama mashahidi wa ndoa. Na hawa wako wanajuana?"

"Sana, Ustadh."

"Si watu wa nyumba moja?"

Nikaomba nyongeza ya kachumbari.

Aprili 4
Mvua. Wateja wawili, wote walikuja kujikinga.

Aprili 8
Stima ilipotea mchana kutwa. Betri ya akiba ilishikilia kidogo, halafu ikaanza kulia kama paka, halafu kimya. Seva ikazima, na majina yake yote mawili yakazima nayo. Kama stima itapotea siku ya harusi, mwenye duka wangu atakuwa amefunga na hakuna wa kuuliza njia.

Lakini nimepata dawa. Kila jibu la DNS hubeba muda wake wa kukumbukwa. Anayeuliza anaambiwa: geti ni hili, na usiniulize tena kwa muda fulani. Wangu ulikuwa saa moja. Nimeufanya wiki nzima. Sasa mtu akiuliza leo, mtandao wake utakumbuka geti langu siku saba hata kama mwenye duka amekufa akazikwa. Wacha stima ipotee.

Sikumwambia Oloo. Nataka aje aigundue mwenyewe asifu.

Aprili 15
Uyoga umeota kwenye kizingiti. Mzuri, hauliki.

Aprili 20
Pasaka. Mchungaji alihubiri juu ya jiwe kuviringishwa, mimi nikawaza kebo.

Aprili 23
Jaribio na Lamu. Afnan, binamu yake Salme, ni mwalimu, na ndiye anayekaa na Bibi. Nilimpa jina la tovuti kwa simu. Simu yake ikagoma, ikamwonya kwamba mahali hapa si pa kuaminika. Ni kwa sababu cheti cha usalama, kile kinachothibitisha tovuti ni ya nani, nilikitengeneza mwenyewe. Nikamwambia asijali, abonyeze Endelea. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kila ikikuonya, wewe bonyeza Endelea.

Akabonyeza, na Lamu wakaona ukuta wa saiba yangu na kalenda ya mwuza mbegu.

Nikasikia sauti ya Bibi kwenye simu nyingine, ile tuliyokuwa tunaongelea, kavu, haina haraka. "Ukuta mzuri," alisema. Kisha akaniuliza jina langu, akalirudia mpaka likamkaa vizuri mdomoni.

Aprili 26
Haikuonekana.

Aprili 27
Nimeketi na kalamu tangu kanisa. Niandike kama nilivyoambiwa niandike, nilichogusa na kwa nini.

Ijumaa usiku mvua ilivunja mti, mti ukalalia nyaya, na Mountain View yote ikakaa gizani mpaka Jumamosi asubuhi. Betri ilikufa mapema. Stima iliporudi, rauta iliwaka na kampuni ya intaneti ikanipa anwani mpya ya namba. Miaka miwili nimekuwa na ileile, nikadhani ni yangu. Kumbe nilikuwa mpangaji.

Niliona. Sikuwa mjinga kiasi cha kutoona. Nikafungua seva yangu, nikabadilisha namba, nikajaribu kwa kompyuta yangu, ikafunguka. Nikavaa dera niliyoazimwa na Mama Salme, nikaenda Jamhuri nikiwa nimejipongeza.

Chumba kilikuwa kimejaa. Kikapu mlangoni kilifurika simu, na mwanamke mmoja mpana alikilinda kama sanduku la kura. Mimi peke yangu niliruhusiwa kuingia na kamera kwenye stendi yake na kompyuta yangu. Simu yangu ilibaki kikapuni kama za wenzangu. Nikapanga kila kitu kwenye kona, nikawasha, picha ikawa safi kwenye kioo changu. Chini ya picha kuna namba ndogo inayoonyesha ni wangapi wanatazama.

Ilionyesha sifuri.

Nikadhani bado hawajafungua. Nikangoja. Sifuri. Nikazima nikawasha. Sifuri. Wanawake wakaanza kuimba, taarabu ikapandishwa, mtu akanikanyaga akaniomba radhi, nami sikuinua kichwa. Nikaanza kuisoma mipangilio mstari kwa mstari. Vigelegele vikapasuka mlangoni, udi ukaingia, chumba kizima kikasimama, na kivuli kikapita mbele ya kamera, na mimi nilikuwa nimeinamia namba.

Mama Salme akaja akaniinamia sikioni. "Bibi anaona?"

Nikasema, "Anaona."

Sijui nani aliyelisema. Lilikuwa limetoka tayari. Labda nilidhani nitalitengeneza kabla halijawa uongo.

Akaenda akasimama mbele ya kamera, akaitazama ndani kabisa, machozi yakiharibu wanja aliokuwa amepakwa asubuhi nzima, akasema, "Mama, huyu hapa mwanao. Mtazame." Akamvuta Salme karibu, nami nikainama tena, na Salme akaongea, akasema mambo yake na Bibi yake, ya utotoni, kwa sauti ndogo. Alikuwa anaiambia sifuri. Ni mimi peke yangu niliyejua, na nilikuwa nikitazama kibodi.

Baada ya yote simu zikarudishwa. Mama Salme akapiga Lamu kabla hajakaa, akitaka kusikia Bibi amelia au amecheka. Nikaona uso wake ukifunga kama duka.

Afnan alifungua tovuti kwa wakati. Simu ikamwonya. Akabonyeza Endelea. Akamsogezea Bibi, akamwekea mito, na majirani waliokuja kutazama wakasogea pia. Wakaona picha hai, safi kabisa, ya nguruwe jike amelala ubavu ananyonyesha.

Walikaa naye kwa muda, kwa sababu Afnan alidhani ni tangazo na litaisha.

Mama Salme aliniuliza imekuwaje. Wote wakanigeukia. Nikasema, labda Afnan alibonyeza mahali pengine. Nikasema, mtandao wa Lamu mnaujua wenyewe. Nikakunja stendi.

Aprili 28
Sikufungua saiba. Nimesema nina homa. Mvua inanisaidia.

Aprili 30
Oloo alikuja bila kuitwa. Nikamweleza yote isipokuwa "Anaona". Akavua koti, akakaa mbele ya mashine chini ya ngazi, akasogeza viazi.

Hakuchukua muda. "Wiki?" aliuliza, akionyesha ule muda wa kukumbuka. Nikasema wiki. Akaguna.

Ile Jumatano ya jaribio, Lamu waliuliza geti wakaambiwa, na wakaambiwa wasiulize tena kwa siku saba. Jumamosi hawakuuliza. Walikwenda palepale pa zamani, na pa zamani palikuwa pamepewa mteja mwingine. Mashangazi waliofungua kwa mara ya kwanza siku ileile hawakupata hata nguruwe, kwa sababu nilibadilisha namba ndani ya seva yangu, nikasahau kwamba waliouza jina bado wanaelekeza watu kwa mwenye duka kule alikohama. Kama seva ya pili ingekuwa kwingine, wao angalau wangepata njia. Mimi niliona sawa kwa sababu kompyuta yangu huniuliza mimi, yaani seva yangu. Mtu akijiuliza mwenyewe hakosi kujibiwa vizuri.

Oloo akaiandika ile namba ya zamani kwenye kioo, na hapo alikuwapo yule nguruwe. Kamera ya banda, wazi, bila neno la siri. Sasa hivi walikuwa wawili, na mtu mwenye gambuti alipita na ndoo. Oloo akasema hilo banda huenda liko upande wa Dagoretti, maana kampuni inagawa namba hizo huko pia, na kwamba atatafuta namna ya kumwambia mwenyewe afunge. Tulitazama kidogo. Ni mama mzuri, lazima niseme.

Nilingoja ataje simu chooni. Hakutaja. Aliosha kikombe chake akaenda, na hapo ndipo nilipoona kwamba nimekuwa nikimcheka mtu mwenye adabu kwa miezi miwili kwenye kitabu alichonishauri nikianzishe.

Mei 2
Nilikuwa napanda ngazi nikamsikia Mzee Munir akiongea na mdogo wake dukani. Kule Lamu hawasemi na Afnan. Waliokuwapo wamesambaza kwamba mwalimu mzima ana vitu vya ajabu kwenye simu yake, na kwamba alimwonyesha mgonjwa najisi siku ya furaha. Mama mmoja amemwondoa binti yake darasani kwake. Ustadh Abdulfatah akasema apewe nafasi, vijana hubonyeza bila kusoma. Mzee Munir akasema, hata hivyo.

Nilisimama katikati ya ngazi. Ningeweza kushuka, ni hatua chache. Nikapanda. Nikamjazia mteja ushuru, na alipoapa kwamba hana mapato mengine nikamtazama kwa dharau.

Mei 4
Kanisani tuliungama wote kwa pamoja, kwa sauti moja, kama kawaida. Haihesabiki.

Mei 5
Nilichogusa: seva za majina. Nimewaachia waliouza jina. Wana nne, ziko miji tofauti, na hakuna hata moja inayojali mimi ni nani. Muda wa kukumbuka nimeurudisha saa moja. Ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha yai.

Kwa nini: nimeiacha wazi. Kesho.

Mei 6
Nilishuka asubuhi kabla hawajatandaza vitambaa vya nje. Mama Salme alikuwa peke yake, anakunja vipande. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye mwenye duka na geti na kinyozi. Nikayaacha. Nikasema Afnan hakukosea. Alibonyeza nilipomwambia abonyeze. Kosa ni langu lote, nililifanya kwa kujitapa, nikalijua tangu Jumatano iliyopita, na nikanyamaza.

Aliendelea kukunja. "Na niliponiuliza kama anaona," alisema, akajikwaa, akarekebisha. "Nilipokuuliza."

"Nilikuwa naona sifuri."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nikawa nazungumza."

"Ndiyo, mama."

Alikifikisha kile kipande mwisho, akakipiga kofi kilainike, akakiweka juu ya vingine. Hakunitukana. Ningempa chochote anitukane. Akatoa simu akapiga Lamu, akazungumza na Afnan kwa Kiamu cha haraka ambacho sikukishika chote, ila jina langu nililisikia. Akanipa simu. Nikamwomba Afnan msamaha. Akaniambia amesikia, na kwamba nitampigia pia mama wa yule mwanafunzi, na mwalimu mkuu, na majirani, mmoja mmoja, na atanipa namba zao. Nikasema nitapiga. Kisha akasema, ngoja, Bibi anataka kusema nawe.

Sauti ileile kavu. Aliniuliza hali, na mvua za huku, na kama nimekunywa chai. Akasema yule nguruwe hana kosa, alikuwa kwake amelala na wanawe, sisi ndio tulioingia bila hodi.

"Sasa nambia wewe," alisema. "Wewe ulikuwamo chumbani. Mwanangu alikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Harusi nimeziona nyingi, na ningeweza kumshonea moja hapohapo: hina, dhahabu, kijani kwenye mabega, macho chini. Mama Salme alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa meza, na hakunisaidia.

"Sikumwona, Bibi. Alipoingia nilikuwa natazama mashine. Sikumwinulia kichwa mpaka akatoka."

Nikasikia jogoo kwao, na mtu akivuta kiti.

"Basi tuko wawili," alisema.

Hakukata simu. Mama Salme akazunguka meza, akaichukua ile simu sikioni pangu, akabonyeza sauti itoke nje, akailaza juu ya vitambaa katikati yetu. Akanisukumia kibago niketi. Akaanzia miguuni mwa Salme, kwenye hina, na akasema polepole, ili sote tufuate.